Kifaa cha kuonekana kwenye rada ya meli kwa boti ndogo, kina maana au ni kutupa hela?

BotiFaiba_Msasani:

Wakuu habari za humu. Nina boti ya faiba mita 8, mashine moja ya farasi 40, tunatoka Msasani tunaenda nje kutafuta jodari na nguru, mara nyingine tunafika hadi karibu na kisiwa cha Fungu Mbaraka na tunalala hukohuko baharini. Sasa tatizo ni meli. Zile zinazosubiri kuingia bandarini hazina shida maana zimetia nanga na zina taa kama mtaa mzima, shida ni zinazopita, na hizi boti za abiria za kasi za Unguja. Juzi usiku meli ya kontena imetupita karibu mno, kijana wangu anapiga kelele anapunga tochi, wale hata honi hawakupiga, imepita tu tukabaki tunachezeshwa na mawimbi yake.

Mtu akaniambia niweke kile kitu cha kuonekana kwenye rada. Nimeulizia madukani na kwa jamaa anayeagiza nje nimepewa majibu matatu. Kuna kibomba cheupe chembamba kina vibati ndani unafunga kwenye nguzo, anataka laki na ishirini. Kuna kile cha mabati yaliyopandana chenye pembe pembe, laki na themanini mpaka mbili. Halafu kuna cha umeme, chenyewe kinaisikia rada ya meli kinaijibu, hicho eti milioni mbili na kitu!! Na huyohuyo jamaa anasema achana na vyote nunua AIS, kile cha kutuma jina na mahali ulipo kwa redio. Hela ya kuchezea sina, naomba mnieleweshe kipi kinafanya kazi kweli na kipi ni biashara ya mtu.

Jodari_Mzee:

Weka taa ndugu yangu. Babu zetu wamevua miaka yote na karabai, hakuna cha rada wala nini.

BotiFaiba_Msasani:

Mzee wangu taa ninayo, ya sola, tena kali. Ndiyo iliyokuwa inawaka hiyo siku.

ZamuYaPili:

Mimi ni afisa wa pili kwenye meli za mizigo, njia zetu Mombasa, Dar, Nacala na kuendelea, zamu yangu ni ile ya saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri, yaani nyie mkiwa mmelala kwenye boti mimi ndo nakaa naangalia skrini. Ntakwambia kinachoonekana kutoka juu.

Boti ya faiba au mbao haionekani kwenye rada, au niseme inaonekana ikishakuwa karibu mno. Mawimbi ya rada yanapita kwenye faiba hayarudi, kinachorudisha kidogo ni mashine yako huko tezi na watu wenyewe mliokaa. Bahari ikiwa imelala shwari nitakuona maili mbili tatu, kidoti kidogo kinakuja kinapotea. Kusi likivuma ni habari nyingine kabisa, mawimbi ya bahari yenyewe yanarudisha rada, kuzunguka meli maili tatu nne skrini inajaa madoa meupe, mimi nikipunguza yale madoa ili nione vizuri na wewe nakufuta humohumo. Sijakufuta kwa ubaya, kwenye skrini huna tofauti na wimbi.

Halafu watu hawajui kitu hiki, meli kubwa ina rada mbili za aina mbili. Moja ya mawimbi mafupi, sentimita 3, tunaiita eksi bendi, nyingine ya sentimita 10, esi bendi. Meli yoyote kuanzia tani 300 lazima iwe na ile ya kwanza, kuanzia tani 3,000 inaongezwa ya pili. Mvua ikianza kunyesha wengi tunahamia ile ya sentimita 10 maana mvua haiisumbui sana, na sasa hapo ndipo vifaa vidogo vinapokufa, kwa sababu kifaa kilekile kwenye sentimita 10 kinarudisha kama moja ya kumi ya kile kinachorudisha kwenye sentimita 3. Kwa hiyo usiku wa mvua, ambao ndio hata mimi kwa macho sioni kitu, ndio kifaa chako kinapungua nguvu.

Kuhusu kile kibomba chembamba, usinunue. Hata kwa elfu thelathini usinunue. Uingereza mwaka 2006 kuna boti ya tanga inaitwa Ouzo ilipotea na watu wake watatu kusini mwa kisiwa cha Wight, uchunguzi ukaiangukia feri kubwa Pride of Bilbao iliyopita karibu nayo usiku. Baada ya hapo, 2007, kampuni ya QinetiQ ikavipima hivi vifaa kimoja kimoja maabara, na kibomba cha inchi 4 kikaonekana hakifai, ripoti ilisema wazi. Kinarudisha vizuri kikiwa kimesimama wima kabisa, kikilala nyuzi chache tu basi, na boti yako ikiwa imezima mashine inayumba usiku kucha.

Mtwapa_254:

Afisa amesema ukweli. Huku kwetu hiyo bomba nyeupe iko kwa mayoti yote ya wazungu hapo Kilifi krik na kila mtu anadhani yuko sawa. Ni urembo tu.

Lakini swali kwako afisa, hiyo ya mabati si pia ni bahati nasibu? Inazunguka, inaonekana upande huu, upande ule haionekani.

ZamuYaPili:

Ni kweli ina mapengo, ukiigeuza kuna pembe inarudisha sana na pembe hairudishi kitu. Ila ukubwa ndio kila kitu hapa na wauzaji hawakwambii. Ukiongeza vipimo mara mbili, nguvu ya kurudisha haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara kumi na sita! Ile ndogo ya sentimita 30 kutoka ncha hadi ncha kwenye eksi bendi ikipatikana vizuri kabisa inafika kama mita 2 za mraba, ndicho kipimo cha nguvu ya kurudisha rada, tena hiyo ni kilele siyo wastani. Ya sentimita 60 ni kama mita 33 za mraba. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8729 kinataka mita 7.5 za mraba kwa eksi bendi na nusu mita ya mraba kwa esi bendi, kifaa kikiwa mita 4 juu ya maji, na siyo kilele, ni kiwango cha kushikilia karibu pande zote. Kwa hiyo ile ya 30 unayouziwa laki na themanini ni ya kumfurahisha mkaguzi.

BotiFaiba_Msasani:

Duh. Sasa ya sentimita 60 nani anauza? Sijaona.

FundiBati_Kigamboni:

Hiyo hainunuliwi mkuu, inatengenezwa. Mimi nashona matangi na mabodi ya alumini, hii nimeshawatengenezea watu wa boti za watalii wa mbizi. Chukua bati la alumini milimita 1.5, siyo lile laini la kuezekea ukaligusa linajikunja, kata vipande vitatu vya mraba sentimita 42 kila upande, ukipima kona kwa kona unapata kama 60. Bati la kwanza na la pili unayachana kwenye mstari wa kona kwa kona mpaka nusu, yanaingiliana yanatengeneza msalaba. La tatu unalikata pembetatu nne, kila pembetatu inakaa kwenye nafasi yake katikati ya msalaba, unafunga na engo ndogo za alumini na riveti.

Sasa kazi yenyewe ipo hapa. Kila kona lazima iwe nyuzi 90 kamili, tumia skwea, usikadirie kwa jicho. Ikipinda kidogo tu kona haifanyi kazi, rada inatawanyika inaenda zake. Ndo maana zile za kukunja za plastiki na karatasi ya kung'aa sizipendi, zikikaa juani mwezi zinalegea. Na zile za kuokoteza, mtu anatundika sufuria, sahani, CD, anajaza karatasi ya alumini ndani ya bomba la PVC, hizo ni kujidanganya.

Gharama yake alumini na riveti haifiki laki moja ukipata kipande kilichobaki kwa mafundi wa madirisha, ukiongeza ufundi inafika laki na nusu hivi, inategemea mtu na mtu.

Mtwapa_254:

Na anaitundika vipi? Maana nimeona watu wanaifunga kwa ncha moja ikining'inia kama taa ya sebuleni.

FundiBati_Kigamboni:

Hapo ndo wengi wanakosea. Ukiitundika kwa ncha, pembe zote zinaelekea juu na chini, meli iko pembeni haipati kitu cha maana. Inatakiwa ilale, kona moja iangalie juu kama bakuli la kukinga mvua, ndipo zile sita za pembeni zinaangalia baharini kwa zamu. Fungia kamba au waya kwenye ncha tatu za juu, na tatu za chini uzivute zisizunguke wala kupigapiga nguzo. Bolti stenlesi jamani, ukiweka chuma na alumini na maji ya chumvi miezi michache tu utaikuta imeliwa.

Mpemba_wa_Wete:

Assalam alaykum. Mie nachangia upande wetu. Sisi tuna mashua ya mbao na mlingoti, mkondo wa Pemba meli zapita nyingi, tumeiweka hiyo ya pembe juu ya mlingoti karibu na foromali, ule mti ushikao tanga. Shida yake ni tanga. Tanga lenyewe haliizuwii rada, lakini wakati wa kugeuza foromali yagonga hicho kitu hata sasa kishapinda. Tukakihamishia tezi kwenye mti wake peke yake. Kiko chini kidogo lakini chakaa.

Kuonekana twaonekana? Siku moja jamaa yangu baharia wa chombo cha mizigo alikuwa apita, nilimpigia simu nikamwambia tutizame, akasema awaona maili nne na kabla yake hakuwa atuona mpaka maili moja na nusu. Bahari ilikuwa shwari, kaskazi imetulia, siku za kusi sijajaribu.

ZamuYaPili:

Hiyo ya shekhe ndiyo picha halisi. Maili moja na nusu mpaka maili nne. Sasa piga hesabu, meli ya noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, inakula maili moja kila dakika 4. Maili moja na nusu nina dakika 6, na hapo lazima nikuone, niamini kwamba ni kitu kweli siyo wimbi, nifuatilie unaelekea wapi, ndo nigeuze meli ya mita 200 ambayo haigeuki kama bajaji. Maili nne nina robo saa. Kwa zile boti za kasi za Unguja, noti 30 na zaidi, maili moja ni dakika 2 au chini yake, hao wanahitaji kukuona mapema zaidi na wenzangu kule wanaangalia kwa macho sana, mchana hawana shida.

Kwa hiyo ukiuliza kina maana, kina maana. Ila usikae chini yake ukalala usingizi ukidhani ni ukuta.

Kijana_wa_Feri:

Wakuu kwani hizi app za simu za kuonyesha meli si zinatosha? Mi naziona zote zinazokuja Dar, bure kabisa.

ZamuYaPili:

Wewe unaziona meli, meli hazikuoni. App inapokea tu, tena kutoka kwenye vituo vya nchi kavu na kupitia intaneti, ukitoka nje huko bando halishiki na inaweza kuchelewa dakika kadhaa. Ni nzuri kujua ratiba kabla hujatoka, basi.

BotiFaiba_Msasani:

Sawa nimeelewa ya bati. Sasa AIS na kile cha umeme vipi? Maana jamaa kanikomalia kweli na AIS.

Mtwapa_254:

AIS ndugu usiikatae haraka. Mimi niko na boti ya kuvulisha wageni, nilifunga AIS ya daraja B, ile ya boti ndogo. Hiyo inatuma jina lako, mahali ulipo, mwendo na uelekeo kwa redio ya VHF, haijali mvua wala mawimbi, na afisa kwa briji, chumba cha kuongozea meli, anaona pembetatu yenye jina. Ukiwa unaenda zaidi ya noti 2 inatuma kila sekunde 30, ukielea inatuma kila dakika 3. Watt 2 peke yake, betri hailalamiki. Na faida kubwa ni kwamba akiwa na jina lako atakuita kwa redio badala ya kubahatisha.

Bei sasa. Kuanzia dola mia tano hivi kwenda juu ukiagiza, antena mbali, GPS yake mbali, kisha ushuru. Na lazima uwe na namba ya MMSI, ya kutambulisha chombo kwa redio, tarakimu 9, zenu Tanzania zinaanza na 674 ama 677, zetu 634. Hiyo inaenda na kibali cha redio, kwenu ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usinunue yenye imeprogramiwa namba ya mtu mwingine.

Jodari_Mzee:

Na kila mtu ataona unapovua. Mwamba wangu wa chewa niuweke kwenye app ya dunia nzima? Thubutu.

Mtwapa_254:

😂😂 Mzee hapo umenena, manahodha wa huku wakifika kwa mwamba wanazima. Lakini usiku ukielea njia ya meli washa tu, chewa hawatahama.

Kijana_wa_Feri:

Kuna zile za kichina za kufunga kwenye nyavu, dola hamsini tu, zinatuma AIS vilevile. Si aweke hiyo kwenye boti?

ZamuYaPili:

Hapana, tafadhali. Hizo ni za boya la nyavu, nyingi zinatumia namba za kubuni kinyume na taratibu za mawasiliano, na mimi nikiona ile alama naelewa ni nyavu, sielewi kuna watu. Sehemu nyingine zimejaa mpaka skrini haisomeki, unakuta nyavu inakwenda noti 7 ndo unajua mtu kaipakia kwenye boti.

Na AIS yenyewe nayo, mnisikilize, siyo dawa ya kila kitu. Sheria inazilazimisha meli za tani 300 na zaidi za safari za kimataifa na meli zote za abiria, wao wanayo. Ila kukuonyesha kwenye skrini ya rada au kwenye ramani ni mipangilio ya chombo, kuna maafisa wanapunguza alama za daraja B bandari ikiwa imejaa. Mimi siipunguzi lakini siwezi kumsemea kila mtu.

Kile cha umeme ndicho bora kwa rada yenyewe, kikisikia rada ya meli kinaijibu kwa nguvu na unaonekana kama chombo kikubwa, maili nyingi. Na kinakupigia mlio au taa kwamba kuna rada inakumulika, hilo peke yake ni zuri kwa mtu anayelala baharini. Umeme kinakula kidogo, vingi chini ya nusu ampea. Lakini angalia, vya bei ya chini vinajibu eksi bendi tu, esi bendi havisikii kabisa, kwa hiyo usiku wa mvua tukihamia rada ya pili unakuwa umetoweka na wewe hujui. Vya bendi mbili ndo vinakaribia pauni elfu moja. Na betri ikifa usiku hakuna kitu, bati halina betri.

BotiFaiba_Msasani:

Kwa hiyo kwa boti yangu, na mfuko wangu huu?

ZamuYaPili:

Ningekuwa mimi: bati la 60 la huyo fundi kwenye bomba la alumini, juu kadiri boti inavyoruhusu bila kuyumba, ukifika mita 4 vizuri, mita 3 siyo mbaya. Redio ya mkononi ya VHF, hiyo bei yake haifiki nusu ya AIS, iweke chaneli 16 ya kuitana, ukiona meli inakuja na taa zake zote mbili za kijani na nyekundu unaziona kwa pamoja basi inakujia wewe, ita mapema, "meli inayoelekea kaskazini, hapa boti ya uvuvi iko mbele yako", hata kwa Kiswahili, mara nyingi briji kuna mtu atashtuka akamulike. AIS iwe ya msimu ujao mkipata. Cha umeme sahau.

Na ile taa yako ya sola, unaielekeza wapi? Maana zile za dagaa mnaziinamisha majini, mimi nikiwa juu mita 30 na nyuma yako kuna mwanga wa jiji zima la Dar siitofautishi. Taa nyeupe moja ya kuzunguka pande zote, juu kuliko vichwa vyenu, ni bora kuliko projekta tatu zinazomulika samaki.

BotiFaiba_Msasani:

Inamulika majini mkuu 😅 Fundi wa Kigamboni, nguzo ya mita 3 kwenye boti isiyo na mlingoti unaifungaje? Naogopa itakuwa inanisumbua nikirusha mshipi.

FundiBati_Kigamboni:

Iweke tezi, pembeni kidogo ya mashine siyo katikati ya boti, chini unaweka soketi ya stenlesi kwenye faiba na plywood kwa ndani isipasue, juu waya mbili zinarudi kwenye kingo. Iwe ya kuchomoa, mchana ukivua unailaza, jioni unaisimamisha. Bomba la inchi 2 lenye ukuta mnene, jembamba litayumba na bati litakuwa linacheza juu. Taa nyeupe unaifunga juu ya bati usiifunge chini yake, vinginevyo bati lenyewe linakuzibia mwanga. Nitumie vipimo vya tezi yako na picha ya kingo nikupigie hesabu ya bomba.